DNA ya hiari kwa kijiji kizima: Uislamu unasemaje?

NIMEULIZWA swali ambalo naona si la mtu mmoja. Baada ya darasa la jioni hapa Karatu mjini, kijana mmoja dereva wa magari ya watalii, mzaliwa wa kata ya Daa, alisema hivi: "Ustadhi, tuchukulie kumetokea mauaji kijijini kwetu. Polisi wamepata damu ya muuaji lakini hawajui ni ya nani. Wanawaomba wanaume wote wa kata waje ofisi ya kata, wafutwe mate kwa kijiti cha pamba, kila mtu kwa hiari yake. Je, ni wajibu wangu kwenda? Na nikikataa, nitakuwa nimemficha mhalifu?"

Waliokuwapo waligawanyika palepale. Mzee mmoja akasema, "Asiye na hatia ana hofu ya nini?" Mwingine akamjibu kwamba mate yake hayatoki kinywani mwake mpaka hakimu aamuru. Kwa kuwa kila mmoja alisema kwa rai yake na hakuna aliyekuja na dalili, niliahidi kulijibu suala hili kwa maandishi, ili na ndugu zetu wa Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam walipime. Watu wa mijini wasidhani ni habari ya vijijini. Kinachoweza kuombwa kwa kata moja ya wakulima kinaweza kuombwa kwa mtaa mzima wa Kariakoo au kwa waumini wa msikiti mmoja.

Jambo lilikoanzia

Kipimo cha aina hii kilianza Uingereza. Mwaka 1983 na mwaka 1986 wasichana wawili wa miaka 15 walibakwa na kuuawa katika vijiji jirani vya mkoa wa Leicestershire. Kijana wa miaka 17 alikamatwa na akakiri mauaji ya pili. Mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye mwaka 1984 alikuwa amegundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba, akapima. Akakuta kwamba aliyewaua wasichana wote wawili ni mtu mmoja, na mtu huyo si yule kijana aliyekiri. Zingatia hapo, ndugu msomaji: kazi ya kwanza kubwa ya DNA katika kesi ya jinai ilikuwa kumwokoa asiye na hatia aliyekwisha kukiri mbele ya polisi.

Mwaka 1987 polisi wakawaomba wanaume wote wa vijiji vile watoe damu au mate kwa hiari. Karibu wanaume 5,000 wakatoa. Muuaji hakupatikana humo. Alikuwa mwoka mikate aitwaye Colin Pitchfork, naye alimshawishi mfanyakazi mwenzake aende akatoe damu kwa jina lake. Siri ilivuja kwa maneno ya kilabuni, mtu akasikia, akaripoti, na Pitchfork akahukumiwa Januari 1988. Maelfu ya watu wema walijitokeza wakapimwa, na aliyenaswa alinaswa kwa ulimi wa mwanadamu.

Lakini tusiegemee upande mmoja. Uholanzi, katika jimbo la Friesland, msichana wa miaka 16 aliuawa mwaka 1999. Jirani na pale palikuwa na kambi ya wakimbizi. Wenyeji wengi wakasema mara moja kwamba muuaji ni mkimbizi, na wakatajwa Mwiraki na Mwafghani. Vinasaba vikaonyesha kuwa si wao, lakini minong'ono haikuisha. Mwaka 2012 wanaume wapatao 8,000 wa eneo lile wakaitwa kutoa mate kwa hiari. Muuaji akapatikana miongoni mwao, naye ni mkulima mwenyeji aliyekuwa akiishi kilomita chache tu kutoka mahali pa tukio. Kipimo hicho kilizitoa lawama shingoni mwa wageni waliokuwa wamebebeshwa kwa miaka 13. Sisi Waislamu, ambao tangu sheria ya ugaidi ya mwaka 2002 tunajua uzito wa kushukiwa kwa sababu ya kanzu na ndevu, hatuwezi kuidharau faida hiyo.

Basi DNA yenyewe si haramu. Ni elimu, na Allah (S.W.) ndiye aliyeziumba alama hizo ndani ya kila chembe ya mwili. Linaloulizwa ni namna ya kuitumia, nani aitumie, na kwa mipaka gani.

Darasa la Surat Yusuf

Anayetaka kujua Qur'an inatufundisha nini kuhusu ushahidi wa vitu, na asome Surat Yusuf kwa utulivu. Ndani ya sura hiyo moja mna vielelezo vitatu.

Cha kwanza ni damu. Ndugu zake Yusuf (A.S.) walirudi kwa baba yao usiku na kanzu iliyopakwa damu ya uongo (12:18). Ilikuwa damu kweli, na kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli, lakini hadithi waliyoijenga juu yake ilikuwa uongo. Nabii Yaaqub (A.S.) hakudanganyika. Wafasiri wanasema aliitazama kanzu akaona haina hata mchaniko mmoja, akashangaa ni mbwa mwitu gani mpole kiasi hicho, amle mtoto na kuiacha nguo yake nzima.

Cha pili ni kanzu nyingine. Mke wa mheshimiwa wa Misri alipomsingizia Yusuf, alitokea shahidi katika jamaa za mwanamke akasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli, na ikiwa imechanwa nyuma, amesema uongo (12:26-28). Ikakutwa imechanwa nyuma. Hapo alama ya kwenye kitu ilimsafisha mtu ambaye hakuwa na shahidi wa kumtetea. Wanachuoni wengi wameifanya aya hii kuwa msingi wa kukubali qarina, yaani dalili za mazingira, katika hukumu.

Cha tatu ndicho kinachogusa swali letu. Kikombe cha mfalme kilipotea, ukafanyika msako wa mizigo ya msafara mzima. Ilianza kupekuliwa mizigo ya wale ndugu wakubwa kabla ya mzigo wa ndugu mdogo, na kikombe kikatolewa katika mzigo wa huyo mdogo (12:70-76). Msako ulikuwa wa wote, kielelezo kilipatikana, na kimepatikana mahali pasipo shaka. Lakini sisi tunaosoma tunajua kwamba yule kijana hakuiba kitu. Kikombe kiliwekwa mzigoni mwake na mkono mwingine. Ndugu zake walioona kwa macho yao waliamini papo hapo kuwa ni mwizi, wakaongeza na la kumtukana Yusuf mwenyewe.

Hayo yametokea hata katika maabara za leo. Mwaka 2012, California nchini Marekani, mtu mmoja asiye na makazi alikaa rumande miezi kadhaa kwa kesi ya mauaji, kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Baadaye ikathibitika kwamba usiku ule alikuwa amelazwa hospitali, amelewa hajitambui. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomhudumia yeye ndio waliokwenda baadaye kwenye nyumba ya marehemu, wakavihamisha vinasaba vyake bila kujua. Ujerumani nako polisi walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye DNA yake ilikutwa kwenye matukio mengi ya uhalifu ya mbali mbali. Mwaka 2009 wakagundua kwamba mwanamke huyo ni mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Kwa hiyo mashine inaweza kusema kweli kwamba vinasaba hivi ni vya fulani. Jinsi vilivyofika hapo haisemi. Mwenye kuulizwa hilo ni mwanadamu, na mwenye kulipima ni hakimu. Kadiri unavyokusanya sampuli za watu wengi zaidi, ndivyo unavyoongeza uwezekano wa kumkuta mtu mwenye kikombe mzigoni ambacho hakukiweka yeye.

"Asiye na hatia ana hofu ya nini?"

Nalirudia neno la yule mzee kwa heshima, maana ni neno la watu wengi na linatoka katika moyo unaotaka haki. Lakini katika dini yetu haliwi hoja. Mama wa waumini Aisha (R.A.) hakuwa na hatia. Alisingiziwa, akaishi mwezi mzima katika majonzi mpaka zikateremshwa aya za Surat An-Nur kumsafisha. Asiye na hatia ana cha kuogopa, nacho ni dhana za watu.

Ndiyo maana Allah katika Surat Al-Hujurat (49:12) ameyaweka mambo matatu katika aya moja kwa mpangilio: ameonya juu ya dhana, akakataza kupelelezana, akakataza kusengenyana. Dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno. Na katika Surat An-Nur (24:27) ametukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Kama kizingiti cha mlango kina heshima hiyo, mwili wa mwanadamu na yaliyomo ndani ya chembe zake yana heshima gani?

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) usiku mmoja akizunguka Madina alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimeasi moja, nawe Amiri wa waumini umeasi matatu: umepeleleza na hali Allah amekataza, umeingia kwa ukuta na hali ameamuru milango, na umeingia bila ruhusa wala salamu. Umar akanyamaza, akamwacha. Mkuu wa dola aliyekuwa mkali kuliko wote alikubali kwamba lengo zuri halihalalishi kila njia.

Na Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kiongozi akizifuatilia aibu za watu atawaharibu. Watu wanaopelelezwa wote hujifunza unafiki. Raia hawi mwema zaidi kwa sababu mate yake yamo katika kabati la serikali.

Hiari ya kijijini

Sasa tulitazame neno "hiari". Katika kata kama Daa watu wanajuana kwa majina, kwa koo na kwa mashamba. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amekwenda na nani hakwenda. Mgambo yuko mlangoni na daftari. Jioni yake kilabuni, sokoni na hata msikitini litaulizwa swali moja tu: fulani mbona hakuonekana? Hiari ya namna hiyo inafanana na mchango wa lazima unaoitwa wa hiari, nao sote tunaujua.

Na karibu nasi kuna makundi ambayo kukataa kwao ni kugumu zaidi. Wilaya zetu hizi mbili, Karatu na Ngorongoro, zina Wairaqw, Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe, na wengine wetu tuliokuja kwa biashara na kazi za utalii. Kibarua wa shamba la vitunguu kule Mang'ola ambaye si mwenyeji, mfugaji aliyekwisha kutazamwa kwa jicho baya, Muislamu peke yake katika kitongoji, hao watasema "hapana" mbele ya askari? Na wakisema, nani atawatetea?

Hapa nakumbusha kisa cha Khaibar, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Sahaba mmoja, Abdullah bin Sahl, alikutwa ameuawa katika makazi ya Mayahudi wa Khaibar. Ndugu zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) wakiwatuhumu wenyeji. Mazingira yote yalikuwa dhidi ya watu wa pale: maiti ni kwao, na uadui ulikuwapo. Mtume akawaambia wale ndugu wa marehemu kwamba watu hamsini kati yao waape. Katika moja ya riwaya za Muslim imeelezwa kwamba kiapo hicho ni juu ya mtu mmoja maalumu. Wakasema hawawezi kuapa kwa jambo wasilolishuhudia. Akawaambia basi Mayahudi waape viapo hamsini kujitakasa. Wakasema hawawezi kukubali viapo vyao. Mtume (S.A.W.) akalipa diya mwenyewe, ngamia mia moja. Damu ya Muislamu haikupotea bure, lakini pia kijiji kizima cha watu wa dini nyingine hakikusumbuliwa kwa dhana. Gharama ya kutojua aliibeba mkuu wa dola. Hilo ni funzo kwa kila mwenye mamlaka anayetaka gharama hiyo ibebwe na raia.

Damu yako si yako peke yako

Wengi wanadhani mtu anapotoa mate anatoa habari zake binafsi tu. Sivyo. Sehemu ya vinasaba vya mwanamume hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, kizazi baada ya kizazi. Kule Uholanzi mwaka 2012 wapimaji walijipanga kumtafuta muuaji hata kupitia jamaa zake wa kiumeni. Katika jamii zetu zinazohesabu ukoo kwa baba, mtu mmoja akitoa sampuli ametoa alama ya baba yake, kaka zake, baba zake wadogo na watoto wao, hata wale waliokataa na wale waliokwishakufa.

Mfano uko jirani. Kando ya ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei. Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Profesa Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitoa utafiti mkubwa wa vinasaba vya makabila zaidi ya mia ya Afrika, Wahadzabe wakiwamo. Mwaka 2012 ukatoka mwingine uliosoma vinasaba vyote vya watu 15 tu, watano kati yao Wahadzabe. Sisemi kulikuwa na ubaya katika tafiti hizo. Nasema tu kwamba watu watano walitosha kuieleza dunia habari za asili ya kabila zima. Wasan wa Afrika Kusini waliliona hilo, na mwaka 2017 wakajitungia kanuni zao za maadili, wakimtaka kila mtafiti awaheshimu na arudi kwao na matokeo.

Kisha kuna suala la nasaba, na hapa ndipo penye moto. Mkipima wanaume wote wa kata, mtakuwa mmewapima baba na wana wao. Ikitokea kwamba mwana hana alama ya baba yake, maabara itajua jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwanamke aliyezaa miaka thelathini iliyopita, pengine kwa kubakwa, na akaficha kwa ajili ya watoto wake, siri yake itakuwa katika faili la kesi isiyomhusu. Tunakumbuka jinsi takwimu za watoto waliopimwa na kukutwa si wa baba waliodhaniwa zilivyotangazwa hapa nchini, na vijiwe vikajaa kejeli dhidi ya wanawake wote. Watu walisahau kwamba waliopimwa ni wale waliokuwa tayari na mgogoro.

Sheria ya Kiislamu imeiziba njia hiyo. Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alimdai mtoto akisema ni wa ndugu yake Utba, na Abd bin Zam'a akasema ni ndugu yake, amezaliwa katika kitanda cha baba yake. Mtume (S.A.W.) aliona wazi kwamba mtoto anafanana na Utba. Hata hivyo alihukumu kuwa mtoto ni wa mwenye kitanda, akamwamuru mkewe Sauda bint Zam'a ajistiri mbele ya kijana yule. Alama ya mwili aliiona na hakuikanusha, lakini hakuiruhusu ivunje nasaba iliyothibiti. Kwa msingi huohuo Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 mjini Makka Januari 2002, liliruhusu kutegemea vinasaba katika uchunguzi wa makosa yasiyo ya hadi wala kisasi. Likakataza kuvitumia kukanusha nasaba badala ya liani, na kuvitumia kuhakiki nasaba zilizokwisha kuthibiti kisheria. Likataka pia kipimo kisifanywe ila kwa ombi la mahakama.

Kinachobaki baada ya kesi

Muuaji amekamatwa, amehukumiwa. Zile sampuli elfu kadhaa za wasio na hatia ziko wapi? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Orodha ya namba inayotolewa maabara kumtambua mtu ni jambo moja. Mate yenyewe ni jambo jingine, kwani ndani yake mna habari za maradhi ya kurithi, asili na ukoo, na kesho sayansi itaweza kusoma zaidi ya leo.

Kwa Uingereza ilichukua mpaka Desemba 2008 ndipo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kuwa kuhifadhi bila kikomo vinasaba vya watu wasiotiwa hatiani ni kuvunja haki ya faragha. Kuwait, baada ya bomu lililoua watu zaidi ya ishirini katika msikiti wa Imam Sadiq Juni 2015, walitunga sheria ya kuwapima wakazi wote, raia na wageni, na kumfunga mwaka mmoja atakayekataa. Uchungu wa watu wale tunaufahamu, waliuawa wakiwa katika swala ya Ijumaa. Hata hivyo Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo hiyo ya Kiislamu iliifuta sheria hiyo Oktoba 2017.

Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 2018 iliruhusu DNA iwe sehemu ya usajili wa watu, uliokuja kujulikana kama Huduma Namba. Waliosimama mahakamani ni pamoja na jumuiya ya haki za Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao kwa vizazi wamesumbuliwa kupata vitambulisho. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikaamua kwamba kuchukua DNA kwa namna hiyo ni kinyume cha katiba.

Na kule ambako hakuna mahakama ya kusema hapana, tumeona. Desemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi utawala wa China ulivyokuwa ukikusanya vinasaba vya wakazi wa Xinjiang, nchi ya Waislamu wa Uighur, wa miaka 12 hadi 65. Sehemu kubwa ilifanyika kwa jina la kupima afya bure. Watu walikwenda kupimwa shinikizo la damu, wakaiacha damu yenyewe. Anayesema faragha ni anasa ya Wazungu na awaulize Waislamu wa huko.

Sheria zetu na jibu kwa kijana

Hapa kwetu hatuko jangwani. Katiba, ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu na maisha yake binafsi na familia yake, na ibara ya 13 inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, namba 8 ya mwaka 2009, imeweka utaratibu wa ridhaa na wa nani anaruhusiwa kuomba kipimo. Ndiyo maana mtu hawezi kujiendea tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mtoto mkononi, mpaka apitie kwa wakili, ustawi wa jamii au mahakama. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo imezihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na Tume ya kuisimamia ipo. Kinachopungua ni raia kuzijua sheria hizo kabla kijiti hakijafika mdomoni.

Kwa hiyo, ewe ndugu yangu wa Daa, jibu langu ni hili. Kumficha mhalifu ni haramu, na Mtume (S.A.W.) amemlaani anayempa hifadhi. Ukijua jambo, uliseme hata kama ni dhidi ya nafsi yako au jamaa zako, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa (4:135). Ikiwa kuna dalili inayokuelekea wewe hasa, na hakimu ameamuru, nenda, maana huko ni kusimamisha haki, na huenda ukasafishwa kama Yusuf alivyosafishwa na kanzu. Lakini kuombwa kwa sababu tu wewe ni mwanamume na unaishi kata fulani, hilo halikufanyii wajibu. Anayekataa hana dhambi, na haijuzu kumtia hatiani kwa kukataa kwake.

Ukitaka kutoa kwa nia ya kuwasaidia wafiwa, ni wema na utalipwa. Ila uliza kwanza mambo manne, na yaandikwe. Sampuli itatumika kwa kesi hii peke yake? Itateketezwa lini, na nani atashuhudia? Kitakachogundulika kuhusu nasaba kitafungwa wapi? Na daftari la waliokataa litakuwapo? Ukijibiwa manne hayo kwa maandishi, toa kwa bismillahi. Usipojibiwa, rudi nyumbani kwako kwa adabu.

Na kwenu maimamu na wazee wa misikiti, ombi likija kwenu mlitangaze baada ya swala, msilitangaze kabla ya kuwaita wanasheria Waislamu walisome. Msikubali msikiti uwe kituo cha kuchukulia sampuli, wala orodha ya waumini isitoke mikononi mwenu. Atakayekataa katika jamaa yenu, simameni naye safu moja Ijumaa inayofuata, mabega kwa mabega, ili kijiji kizima kione kwamba dhana si ushahidi.

Tunamuomba Allah azifichue njama za wauaji, azistiri aibu za waja wake, na awape mahakimu wetu macho ya Yaaqub aliyeitazama kanzu kabla ya kuamini damu. Wabillahi tawfiq.